Mnadi na Darasa la Jioni

Sauti ndiyo iliyompeleka bungeni, na hilo hata yeye mwenyewe hakulikataa. Kabla ya kuitwa mheshimiwa alikuwa mnadi, mtu wa kupanda juu ya meza ndani ya ghala lake na kuuza vitu vya watu kwa kelele: makabati, vitanda, vyerehani, mara moja hata kinanda kibovu ambacho hakuna aliyejua kukipiga. Watu walikuja mnadani bila nia ya kununua, wakasimama mlangoni mikono kifuani, wamsikilize tu. Alipogombea ubunge mara ya kwanza hakutumia kipaza sauti. Mshindani wake alikuwa nacho, tena kipya, lakini kilikoroma kutwa nzima, na wapiga kura wakasema bora huyu asiyehitaji umeme. Jina la Mnadi likamganda mpaka leo.

Alikuwa na desturi moja ambayo wanadi wenzake waliicheka. Kabla nyundo haijagonga mara ya mwisho, alinyamaza kidogo, akautazama umati, akauliza, "Kuna aliyekosea?" Maana mnadani watu hukosea. Mtu anajikuna sikio, kumbe amenunua kabati. Mwingine anampungia shemeji yake mkono, kumbe kitanda kimekuwa chake. Kwa wanadi wengine hiyo ilikuwa shauri yako. Kwa Mnadi ulipewa nafasi ya kusema "nimekosea", watu wakakucheka kidogo, na biashara ikaendelea. Alisema kitu alichonunua mtu kwa bahati mbaya hakikosi kurudi ghalani, na kikirudi huja na ugomvi.

Bungeni desturi hiyo haikuwepo, lakini mambo mengine alihisi anayajua. Kule nako kulikuwa na nyundo, kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa juu kuliko wengine, na mambo mengi yaliamuliwa kwa sauti. Spika husema wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha husikiliza upande upi umevuma zaidi. Chama chake kikiwa madarakani, Mnadi alikaa mkono wa kulia wa Spika, upande wa serikali, miaka nenda miaka rudi, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema ndiyo. Na aliisema. Waliokuwa wamesinzia waliamka nayo. Mnadhimu wa enzi hizo, yaani yule anayehakikisha wabunge wa chama wapo na wanapiga kura kama walivyokubaliana, alikuwa akisema kwamba Mnadi akiwa ukumbini, wengine wanaweza kwenda kunywa chai.

Enzi hizo zilikuwa tamu, tusidanganyane. Kiti chake kilikuwa safu ya tatu, kando ya mbunge mmoja mfupi mwenye utani mwingi, na walivyokuwa hawaachani, watu wakawaita Mapacha. Pacha alikuwa na peremende mfukoni siku zote. Mawaziri wakianza kusoma hotuba ndefu, aliisukuma moja taratibu juu ya meza kwa kidole, na wazee wawili wazima wakamumunya peremende kwa siri kama wanafunzi. Mgahawani wapinzani walikaa nao meza moja, wakatukanana vizuri ukumbini na kuulizana habari za watoto nje. Mnadi alidhani dunia ndivyo ilivyo.

Lakini aliyeko juu mngoje chini. Ukaja uchaguzi, chama chake kikaanguka kwa kishindo cha mnazi, na serikali mpya ikaingia na watu wapya, mafaili mapya na saa mpya ukutani. Mnadi mwenyewe alichaguliwa tena, watu wa kwao hawakumtupa, ila sasa alihamishiwa mkono wa kushoto. Pacha hakuhama. Alihama chama miezi michache kabla ya uchaguzi ili asihame kiti. Siku ya kwanza ya kikao Mnadi aliingia ukumbini, miguu ikampeleka yenyewe mpaka safu ya tatu kulia, akakaa, na askari wa Bunge akamjia kwa adabu na kumnong'oneza, "Mzee, huku ni kwa serikali." Pacha alikuwa anatazama dari.

Wiki yake ikabaki ileile, na labda hilo ndilo lililomuuma. Jumatatu alfajiri aliwasha pikapu yake ya tangu enzi za mnada, gari lisilowaka bila kubembelezwa, akashika njia ya makao makuu. Jumanne ilikuwa kamati: meza ndefu, chupa za maji, na makaratasi mazito ambayo wengi huyafungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Jumatano ilikuwa kikao cha chama. Zamani walikutana katika ukumbi wenye zulia. Sasa upinzani ulipewa chumba kilichopakana na jiko, na mnadhimu wao mpya, binti wa rika la kitinda mimba wake, alilazimika kunyamaza kila sufuria ilipoanguka. Alhamisi ilikuwa kura, Ijumaa barabara tena. Jumamosi alikaa kibarazani kwake, watu wakaja: mmoja bomba lake limepasuka, mwingine jirani amesogeza ua, mama fulani anataka mheshimiwa amsemeshe mwanawe aliyeacha kazi. Aliwasikiliza wote. Kuna bwana mmoja fundi saa alikuja kila Jumamosi na hakuwahi kuwa na shida yoyote.

Jumamosi hizo mke wake ndiye aliyewapangia watu foleni. Kila mtu alimwita Mwalimu, na mumewe pia. Alikuwa amestaafu shule ya mchana, lakini darasa la jioni hakuliacha, lile la watu wazima nyuma ya ofisi ya posta, ambako wapagazi, mafundi na bibi zao walijifunza kusoma baada ya kazi. Alikuwa mwembamba, mwenye chaki kwenye kucha daima. Mumewe akifanya vizuri alimwita Baba Watoto. Akimwita Mheshimiwa, mzee alijua mvua inakuja.

Basi serikali mpya ikaleta muswada wa kupunguza matumizi, na ndani yake, kifungu cha chini kabisa, ilikuwamo habari ya kufunga madarasa ya jioni nchi nzima. Waziri hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba wanafunzi ni wachache, kwamba taa zinawashwa kwa ajili ya watu wanne, na kwamba siku hizi simu ya mkononi inaweza kumfundisha mtu chochote. Upinzani ukaamua kupinga, na mnadhimu binti akamwomba Mnadi ndiye azungumze.

Jumapili kabla ya kuondoka alimsomea mkewe hotuba yake. Ilikuwa na asilimia nyingi. Mwalimu alisikiliza huku akichambua mchele, akamaliza ungo mzima kabla ya kusema kitu.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini ni ya mtu mwingine."

"Ya mtu gani tena? Nimeiandika mwenyewe."

"Ndiyo hivyo. Uliandika. Waambie ulijifunzia wapi kuandika."

Mzee akakunja karatasi yake. Mazungumzo hayo waliwahi kuwa nayo mara moja tu maishani, siku alipochaguliwa kwa mara ya kwanza, na siku hiyo alijibu kwamba mbunge hawezi kusimama mbele ya taifa akasema alikuwa hajui kusoma mpaka ndevu zikamwota. Mwalimu alinyamaza, na akaendelea kunyamaza miaka yote hiyo.

"Watanicheka, Mwalimu."

"Watacheka. Kisha watanyamaza. Wanafunzi wangu wamechekwa mbele yangu maisha yangu yote."

"Asilimia zinatosha."

"Haya, Mheshimiwa," alisema, akaenda kuosha mchele.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Alipokuwa kijana wa mnada alishika kila kitu kichwani. Wenye mali walimletea karatasi za vitu vyao, naye akazishika mbele ya watu kwa madaha, akanadi kwa kukumbuka. Siku moja alikuja dada mmoja mwembamba kununua mabenchi. Alimsikiliza mnadi mpaka mwisho, akayapata mabenchi yake, na wakati wa kuyachukua akamsogelea, akaichukua ile karatasi mkononi mwake, akaigeuza. Juu ilikuwa chini. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Darasa langu ni jioni, nyuma ya posta," akaenda zake.

Mnadi alizunguka lile jengo la posta jioni kadhaa bila kuingia. Alipopiga moyo konde akaingia, somo lilikuwa limeanza, na yule dada hata hakugeuka kutoka ubaoni. "Umechelewa," alisema. "Kaa nyuma." Akakaa nyuma, kwenye benchi alilouza mwenyewe. Darasa likaambiwa lisome silabi kwa pamoja, naye akasoma kama alivyozoea kunadi, na wapagazi wakaziba masikio. Hapo ndipo mwalimu alipogeuka. "Wewe wa nyuma," alisema, "punguza. Hapa si mnadani." Mnadi alimpenda papo hapo, na akahakikisha anasoma kwa kelele kila jioni ili aendelee kukemewa.

Alhamisi ikafika. Mnadi alizungumza asubuhi, akasoma asilimia zake zote, na ukumbi ukamsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua iliyo mbali. Hakusema alijifunzia wapi kuandika. Alipokaa alihisi ameuza kitu kizuri kwa bei ya kutupa, na mnunuzi mwenyewe hakufurahi. Alijua mkewe yuko nyumbani, redio iko dirishani, na kikao kinarushwa moja kwa moja. Mchana wote wengine walipochangia, yeye hakuwa pale. Alikuwa nyuma ya posta, anaona taa ile iliyokuwa ikipepesa, mkono wa mwalimu ubaoni, na yule mpagazi mzee aliyelia siku alipoandika jina la mama yake. Aliwaza: nimekula chumvi nyingi, nimeogopa nini hasa?

"Wanaoafiki waseme ndiyo," alisema Spika.

Maneno hayo aliyasikia maelfu ya mara, kwa mpigo uleule, na kila mara yalikuwa yakingoja jibu moja kutoka kwake. Kichwa kilikuwa darasani. Kifua kilikuwa kazini.

"Ndiyo," alisema Mnadi.

Hakuisema, aliinadi. Ilijaza ukumbi mpaka kwenye roshani ya wageni. Ilizifunika ndiyo zote za serikali, na kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyeelewa kilichotokea. Kisha upande wa kulia wakaanza kugonga meza kwa kicheko. "Karibu nyumbani, mzee," sauti moja ilisema. Mnadhimu binti alifunika uso kwa mikono. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na Mnadi angekitoa kidole chochote saa ile.

Spika alipowaita wasioafiki, siyo za upinzani zilitoka zimelegea, nusu yao zimezama katika vicheko. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka kuwahi safari. Spika mwenyewe alikuwa akijizuia kutabasamu. "Nadhani walioafiki wameshinda," alisema, akainua nyundo.

Mnadi alikuwa akiitazama ile nyundo. Kama kuna kitu duniani alichokijua ni nyundo iliyo hewani. Ikishashuka, maji yamemwagika. Akasimama.

"Mheshimiwa Spika, nimekosea."

Kicheko kikaongezeka. Spika akaishusha nyundo polepole bila kugonga. "Mheshimiwa, unapinga matokeo?"

"Napinga. Naomba kura ihesabiwe kwa majina."

"Kanuni inataka utoe sababu kwa kifupi, na wenzako wa kutosha wasimame kukuunga mkono."

"Sababu ni kwamba nimekosea mara mbili leo," alisema Mnadi. Alitaka kuipandisha sauti, ikakataa. Ikabaki ya kawaida, ya mtu anayezungumza na jirani, na ukumbi ukalazimika kunyamaza ili kumsikia. "Hii ya sasa hivi ni mazoea. Nimekaa upande ule miaka mingi na mdomo haujajua kwamba tumehama. Lakini ya asubuhi nilikosea kwa kukusudia. Nilisimama hapa nikawapa hesabu. Mimi, Mheshimiwa Spika, nilikuwa mtu mzima, nina ndevu, nina biashara, na nilikuwa nashika karatasi juu chini. Aliyeigeuza ni mwalimu wa darasa la jioni. Kiapo nilichosoma humu siku ya kwanza, nilikisoma kwa sababu ya mabenchi ya darasa lake, nyuma ya posta. Kila ndiyo mliyonisikia nikiisema humu ndani, na mnajua mmezisikia, imetoka nyuma ya posta. Waziri amesema taa zinawashwa kwa ajili ya watu wanne. Mmoja wa hao wanne nilikuwa mimi. Ni hayo tu."

Hakuna aliyecheka. Upinzani wakasimama, mmoja mmoja, na Karani wa Bunge akahesabu kwa kalamu. Akahesabu tena. Akamtazama Spika na kutikisa kichwa. Waliosimama walipungua kwa mtu mmoja.

Hapo, safu ya tatu kulia, mbunge mmoja mfupi alishika meza yake na kujinyanyua taratibu, mkono kiunoni.

"Mheshimiwa," Spika alimwambia Pacha, "umesimama, au unanyoosha mgongo?"

"Vyote viwili, Mheshimiwa Spika."

Basi majina yakasomwa. Pacha, alipoitwa, alisema ndiyo, kwa kuwa serikali ni serikali. Mnadi alisema siyo, na hakuipigia kelele. Muswada ukapita. Ulipita kwa kura chache kuliko ilivyotarajiwa, na magazeti ya kesho yake yaliandika hilo kwenye kona, lakini ulipita, na nyundo ikagonga. Alipokuwa akikusanya makaratasi yake aliikuta peremende juu ya meza. Aliyeiweka alikuwa amekwisha kutoka.

Alimpigia mkewe simu, haikupokewa. Akapiga usiku, haikupokewa. Ijumaa akashika barabara moyo mzito. Muswada ulimuuma, ndiyo, lakini alichokiwaza njia nzima ni ile redio dirishani. Mwalimu hakuwa mtu wa kuvumilia upuuzi. Huenda alipoisikia ile ndiyo aliizima, na kama aliizima, basi alibaki na ndiyo hiyo tu, na yote yaliyofuata yalisemwa kwa watu wasiomhusu. Pikapu ilizimika mara mbili kilimani, naye hakuitukana.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Fundi saa, yule wa kila Jumamosi, alikuwa anapita. "Mwalimu hayuko, mzee," alisema. "Yuko ghalani kwako tangu mchana. Watu wa posta wametaka chumba chao."

Ghala la mnada lilikuwa halijafunguliwa miaka. Alikuta mlango uko wazi, pamefagiwa, taa imefungwa kwa waya, na mabenchi yale yale yamepangwa mahali ambapo zamani vilikaa vitanda na makabati. Palikuwa na watu wengi kuliko wanne. Ubao uliegemezwa kwenye meza aliyokuwa akipanda kunadi, na Mwalimu alikuwa amewapa mgongo, anaandika.

Mnadi akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umechelewa," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Kaa nyuma."

Akakaa nyuma, kando ya mama mmoja mshonaji, mwanafunzi wa siku nyingi. Mama yule akamsogezea nafasi, akamnong'oneza, "Jana tulikuwa kwenu tunasikiliza. Uliposema ndiyo Mwalimu akazima redio."

Mzee akainamisha kichwa. "Nani akaiwasha?"

"Mwenyewe. Alikaa kidogo, akasema, 'Huyu ninamjua, atasimama,' akaiwasha. Tukakuta unasema habari za ndevu." Mama akachekea puani. "Alilia, lakini usimwambie nimekwambia."

"Tusome kwa pamoja," alisema Mwalimu, akaweka fimbo yake chini ya silabi ya kwanza.

Darasa likasoma. Mnadi naye akasoma, lakini kwa sauti ndogo, sauti ya kanisani, kwa kuwa machozi yalikuwa karibu. Pia alikumbuka namna alivyokemewa, na safari hii hakutaka kukosea. Fimbo ikasimama. Mwalimu akageuka, chaki kwenye kucha, akamtazama mumewe juu ya vichwa vya watu wote.

"Wewe wa nyuma," alisema. "Sikusikii."

Mnadi akafuta macho kwa kofia, akavuta pumzi, akasoma.